Zabuni ya zamu za usiku: mikataba 527 ya mawakili wa jinai iliyokufa kabla ya kuanza

Saa nane usiku, katika mji wowote wa England au Wales, mtu anashushwa kwenye gari la polisi na kupelekwa mbele ya kaunta ya kituo. Ofisa wa mahabusu anaandika jina lake, anachukua simu, mkanda na kamba za viatu, kisha anamuuliza: unataka wakili? Akisema ndiyo, maombi yanapelekwa kwenye kituo cha simu cha kitaifa. Kama hana wakili anayemjua, anatafutwa yule ambaye jina lake limo kwenye orodha ya zamu ya eneo lile kwa usiku ule. Wakili anaamshwa, anavaa, anawasha gari. Akifika anaelezwa kwa ufupi tuhuma ni nini, anapewa chumba kidogo cha kuzungumza na mteja wake faragha, halafu wote wawili wanaingia kwenye mahojiano yanayorekodiwa.

Haki hiyo imo katika kifungu cha 58 cha sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984, na huduma kituoni ni bure bila kujali mtu ana kipato gani. Uzito wake uliongezeka mwaka 1994, Bunge la Uingereza lilipobadili kanuni ya kunyamaza. Tangu hapo mtuhumiwa huonywa kwamba halazimiki kusema lolote, lakini akinyamazia jambo ambalo baadaye atalitegemea mahakamani, ukimya ule unaweza kuudhuru utetezi wake. Fikiria mtu asiye na usingizi, mwenye hofu, pengine mlevi au mgonjwa wa akili, anapewa uamuzi huo aufanye hapo hapo. Aseme au anyamaze? Anayemsaidia kuamua ni yule wakili aliyetolewa kitandani.

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu orodha ile ya zamu: nani aingie, kwa mkataba gani, kwa malipo gani. Kati ya 2013 na 2016 Wizara ya Sheria ya Uingereza ilijaribu kuipunguza na kuipanga upya kwa njia ya zabuni. Ilishindwa mahakamani mara moja, ikashinda mara mbili, halafu ikauacha mpango wote ilipokabiliwa na kesi 99 kwa mpigo. Nimekifuatilia kwa sababu kinaonyesha vizuri kuliko kisa kingine ninachokijua mahali ambapo mahakama inaweza kuwasaidia mawakili wa watu wasio na fedha, na mahali ambapo haiwezi.

Kwanza neno moja kwa wasomaji wa Tanzania. Kwetu tukisema "wakili wa serikali" tunamaanisha yule wa upande wa Jamhuri, anayeendesha mashtaka. Huyu ninayemzungumzia hapa ni kinyume chake: wakili binafsi, wa ofisi binafsi, anayemtetea mtuhumiwa na kulipwa kwa fedha za umma. Nitamwita wakili wa zamu. Kwa mfumo wao ni solisita, yaani wakili anayemshughulikia mteja tangu kituoni na kuandaa kesi. Barista ndiye mara nyingi husimama kuitetea kwenye mahakama za juu. Makundi haya mawili yana vyama vyao na maslahi yao, na tofauti hiyo itajitokeza mbele.

Mpango wenyewe

Septemba 2012 Chris Grayling aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria, cheo ambacho huko kinabeba pia jina la kale la Lord Chancellor. Aliapa kulinda utawala wa sheria, na wakati huo huo alikabidhiwa wizara iliyotakiwa na Hazina kubana matumizi. Aprili 2013 wizara ilitoa waraka wa mashauriano uliolenga kupunguza gharama za msaada wa kisheria kwa pauni milioni 220 kwa mwaka ifikapo 2018/19. Kwa upande wa jinai, pendekezo kubwa lilikuwa zabuni ya bei: ofisi za mawakili zishindane kwa kushusha bei, na bei ya juu kabisa inayoruhusiwa iwe asilimia 17.5 chini ya viwango vya wakati ule. Idadi ya watoa huduma ingeshuka kutoka takriban 1,600 hadi karibu 400. Na mtuhumiwa asingechagua tena wakili wake, angepangiwa.

Hili la kupangiwa ndilo lililowasha moto. Maoni yapatayo 16,000 yalipelekwa wizarani, mengi ya kupinga. Wizara iliacha kumnyima mteja chaguo, ikaacha na zabuni ya bei, na tarehe 5 Septemba 2013 ikaja na toleo la pili baada ya kuzungumza na Law Society, chama kikuu cha masolisita. Mazungumzo hayo yaliwagharimu viongozi wa chama. Desemba 2013 wanachama waliitisha mkutano maalumu na kupitisha azimio la kutokuwa na imani nao, kura 228 kwa 213. Naelewa hasira ile, ingawa naona viongozi walikuwa na hoja: chaguo la mteja lilikuwa jambo la kuokolewa kwanza, na waliliokoa.

Toleo la pili lilikuwa na nguzo mbili. Malipo yapunguzwe kwa asilimia 17.5, kwa awamu mbili za asilimia 8.75. Mikataba nayo igawanywe aina mbili: mkataba wa wateja binafsi, ambao kila ofisi yenye sifa ingeupata, ili kuwahudumia wanaoitaja kwa jina, na mkataba wa zamu, kwa idadi maalumu tu, kupitia zabuni yenye maswali na alama. Asiyeshinda mkataba wa zamu angebaki na wateja wake wa zamani, lakini jina lake lingetoka kwenye orodha ya usiku.

Kwa mtu wa nje hii yaweza kuonekana nafuu. Kwa anayejua biashara hii, wateja wapya hutoka wapi? Hutoka kwenye zamu. Kijana anayekamatwa kwa mara ya kwanza hana wakili. Anampata wa zamu, na akitendewa vizuri atamtaja siku nyingine, atamtaja pia kwa ndugu na jirani. Ukiiondoa ofisi kwenye zamu unaiacha iishi kwa akiba ya majina ambayo kila mwaka inapungua. Waliojikuta ukingoni zaidi walikuwa ofisi ndogo, na katika miji mikubwa nyingi kati ya hizo zilimilikiwa na mawakili wenye asili ya Afrika na Asia.

Hesabu ya asilimia tano

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hoja yote ya kisheria imejengwa juu ya hesabu hii.

Wizara na Law Society kwa pamoja waliagiza utafiti wa hali ya fedha za ofisi za jinai kutoka kwa washauri walioitwa Otterburn. Walichokikuta ni kwamba faida ya ofisi hizo katika kazi ya jinai ilikuwa wastani wa asilimia 5 hivi, akiba zilikuwa ndogo, na ni chache ambazo zingehimili punguzo lote la asilimia 17.5. Chukua ofisi yenye mapato ya pauni 100,000. Mwisho wa mwaka imebakiwa na 5,000. Awamu ya kwanza peke yake inaondoa 8,750. Tayari ina hasara ya 3,750, na awamu ya pili haijafika. Huhitaji shahada ya uhasibu.

Jibu la wizara lilikuwa kwamba ofisi ziungane na ziwe chache, kila moja ipate kazi nyingi zaidi, gharama kwa kila kesi zishuke. Kwa hiyo idadi ya mikataba ya zamu ndiyo iliyobeba mpango mzima. Ikiwa mingi mno, kila mshindi angepata kazi kidogo na angekufa kwa lile punguzo. Ikiwa michache mno, mtuhumiwa asingepata wakili wa karibu. Kutafuta idadi hiyo waliajiriwa KPMG, kampuni ya ukaguzi wa hesabu na ushauri, ambao walichukua takwimu za Otterburn, wakaweka dhana zao kuhusu kiasi cha kazi ambacho ofisi zinaweza kuongeza na faida inayohitajika, kisha wakapiga hesabu.

Tarehe 27 Februari 2014 wizara ilitangaza uamuzi: mikataba 525. Siku hiyo hiyo ilichapisha ripoti za Otterburn na KPMG. Wiki tatu baadaye, tarehe 20 Machi, punguzo la kwanza likaanza kutumika.

Soma tena mfuatano huo. Mashauriano yalikuwa yamefungwa tangu vuli iliyotangulia. Wale waliotakiwa kutoa maoni kuhusu idadi ya mikataba walizipata karatasi zilizoamua idadi hiyo pamoja na uamuzi wenyewe.

Kesi ya kwanza

Vyama viwili, kimoja cha mawakili wa jinai wa mahakama za London na kingine cha mawakili wa jinai wa nchi nzima, vilifungua shauri la mapitio Mahakama Kuu, yaani viliiomba ipime kama uamuzi wa waziri ulikuwa halali. Kabla ya hapo mabarista nao walikuwa wameonyesha hasira yao: tarehe 6 Januari 2014 waligoma nusu siku, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia yao. Lakini mgomo ni mgomo. Mahakamani kunahitajika kosa la kisheria.

Kosa lililochaguliwa halikuwa kwamba fedha ni kidogo. Mawakili hawa walijua sheria ya utawala. Jaji hawezi kumwambia waziri alipe kiasi gani. Walichodai ni kwamba mashauriano hayakuwa ya haki. Sheria ya Uingereza ina kanuni nne za mashauriano, zilizotokana na kesi ya mwaka 1985 kuhusu kufungwa kwa shule katika wilaya ya Brent, London: mashauriano yafanyike wakati wazo bado linaweza kubadilika, watu wapewe sababu na taarifa za kutosha kutoa maoni yenye maana, wapewe muda, na maoni yao yazingatiwe kwa dhati. Msomaji wa Kenya atakumbuka mijadala ya ushirikishwaji wa umma chini ya Katiba ya 2010. Mzizi wa fikra unafanana, ingawa kule Uingereza hakuna katiba iliyoandikwa katika hati moja.

Tarehe 19 Septemba 2014 Jaji Burnett, ambaye miaka mitatu baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa England na Wales, aliwapa ushindi. Alisema kushindwa kuwaruhusu wadau kutoa maoni juu ya ripoti zile mbili kulikuwa dhuluma ya kiwango cha kuufanya uamuzi kuwa kinyume cha sheria. Uamuzi wa mikataba 525 ukatenguliwa.

Walioshinda walisherehekea, na walistahili. Ila tazama kilichobaki. Punguzo la asilimia 8.75 halikutenguliwa. Na uamuzi uliotenguliwa kwa dosari ya utaratibu unaweza kufanywa upya kwa utaratibu sahihi. Hukumu ilifungua mlango wa kusikilizwa. Haikumfunga waziri mikono.

Kesi ya pili, na kile ambacho mahakama haifanyi

Waziri aliutumia mlango huo haraka. Mashauriano mapya yalianza mwishoni mwa mwezi ule ule, ripoti zikiwa mezani, yakadumu wiki tatu. Tarehe 27 Novemba 2014 jibu lilitoka: mikataba 527, katika maeneo 85. Maoni yote yale, na tofauti ni mikataba miwili.

Namba hiyo inauma. Inaeleweka kwa nini mawakili walirudi mahakamani, safari hii wakidai kwamba wiki tatu hazikutosha, kwamba dhana za KPMG hazikuwa na mantiki, na kwamba waziri hakuwa na ushahidi wa kuamini ofisi zingenusurika. Februari 2015 majaji wawili wa Mahakama Kuu waliwakatalia. Tarehe 25 Machi 2015 Mahakama ya Rufani nayo ikakataa. Taarifa zilikuwa zimetolewa, maoni yalikuwa yamesomwa, na kupima dhana za kiuchumi ni kazi aliyopewa waziri na sheria. Jaji anaingilia tu pale uamuzi unapokuwa nje kabisa ya mipaka ya mantiki.

Nimesikia watu wakiiita hukumu hii ya woga. Sioni hivyo. Hakimu anayeweza kumpangia waziri bajeti ya mawakili leo, kesho atampangia bajeti ya hospitali, na hakuna aliyempigia kura. Nilichojifunza hapo ni kwamba mawakili walikuwa wametumia silaha yao bora kwenye kesi ya kwanza. Ukidai haki ya kusikilizwa na ukapewa, umesikilizwa. Mtu anaweza kukusikiliza mpaka mwisho na bado akakunyima.

Zabuni ikafunguliwa tena na kufungwa tarehe 5 Mei 2015, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu. Baada ya uchaguzi Grayling akahamishwa na nafasi yake ikachukuliwa na Michael Gove. Kulikuwa na matumaini kwamba waziri mpya angesita. Hakusita, punguzo la pili likaanza tarehe 1 Julai 2015. Siku hiyo mawakili wengi wakaanza kukataa kesi mpya za msaada wa kisheria kwa viwango vipya, na mwishoni mwa Julai mabarista wakawaunga mkono. Mgomo ukasitishwa Agosti ili mazungumzo yafanyike. Siwezi kupita hapa bila kusema kwamba walioumizwa na mgomo ule walikuwa wateja wale wale, watu waliofikishwa mbele ya hakimu asubuhi bila mtu wa kuwasemea. Wagomaji walilijua hilo na wengi liliwatesa.

Alama za zabuni

Sasa tuingie kwenye sehemu iliyoua mpango, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye funzo kubwa kwa yeyote anayeandaa zabuni ya huduma za umma.

Zabuni ya zamu haikuwa ya bei, kwa kuwa bei ilishapangwa. Ilikuwa ya ubora, na ubora ulipimwa kwa majibu ya maandishi. Ofisi iliulizwa itaendeshaje kazi, itaajiri vipi, itasimamiaje viwango, itakabilianaje na ongezeko la kesi. Kila jibu lilipewa alama. Mawakili waliozoea kuandika hoja za utetezi walijikuta wakiandika mipango ya biashara, na baadhi ya ofisi ziliajiri waandishi wa zabuni. Ofisi iliyosifika kwa miaka thelathini ingeweza kuzidiwa na iliyojua kuandika vizuri. Sifa mbele ya hakimu wa wilaya haikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Tarehe 15 Oktoba 2015 Wakala wa Msaada wa Kisheria, taasisi ya wizara iliyoendesha zabuni, ulitangaza matokeo. Siku chache baadaye mtu aliyefanya kazi ndani ya Wakala alijitokeza hadharani akasema wasahihishaji walikuwa vibarua wa muda waliotoka kwa wakala wa ajira, wasio na uzoefu wa kazi ya sheria, waliopewa mafunzo kidogo. Wakala ulikanusha kwamba tathmini ilifanyika ovyo na ukasimamia mchakato wake. Lakini ofisi zilizokosa zilikuwa tayari zimeanza kulinganisha barua. Kulikuwa na malalamiko kwamba ofisi iliyoomba katika maeneo kadhaa kwa majibu yanayofanana ilipata alama zinazotofautiana.

Na hapa sheria inabadilika. Hadi sasa tulikuwa kwenye sheria ya utawala, ambamo jaji humheshimu waziri na kumpa nafasi pana. Sheria ya manunuzi ya umma haiko hivyo. Serikali ikishatangaza zabuni, imejifunga kwa vigezo vyake yenyewe: wazabuni wote watendewe sawa, kwa uwazi, na jibu lile lile lipate alama ile ile. Kosa la wazi la usahihishaji linatosha. Aliyekosa anaweza kudai fidia. Tena, kwa kanuni za wakati ule, kulikuwa na nguvu moja kubwa kuliko zote: aliyekosa akifungua kesi kabla mikataba haijasainiwa, utiaji saini ulisimama wenyewe, bila kuomba zuio, mpaka mahakama iseme vinginevyo. Muda wa kufungua ulikuwa mfupi, siku 30 tangu mtu ajue au alipopaswa kujua sababu ya kulalamika. Ofisi zikakimbia.

Eneo moja likipata kesi moja, eneo zima linasimama. Kesi 99 za namna hiyo zilifunguliwa, na kando yake likaja shauri la mapitio lililodai mchakato mzima ulikuwa na kasoro. Mikataba iliyokuwa ianze Januari 2016 ikasogezwa hadi Aprili. Wakati huo ofisi zilizoshinda nazo zilikuwa zinaumia: nyingine zilikuwa zimejipanga kwa upanuzi, zimeajiri, zimetafuta nafasi, kwa kazi ambayo haikujulikana itaanza lini. Nawahurumia sana hawa. Walifuata kanuni zilizowekwa na serikali, wakashinda, na mwisho hawakupata kitu.

Tarehe 28 Januari 2016 Gove aliliarifu Bunge kwa taarifa ya maandishi kwamba anaachana na mikataba ya aina mbili. Alizitaja kesi 99. Alisema pia kwamba hoja za kupungua kwa ushindani, chaguo na viwango vya kazi zilikuwa na uzito. Punguzo la pili, lile la Julai 2015, lilisimamishwa kwa miezi 12 kuanzia tarehe 1 Aprili 2016. Mikataba ya zamani ikaongezewa muda, na mkataba mpya ulipoanza Aprili 2017 haukuwa na kikomo kile cha idadi ya ofisi za zamu.

Nani alishinda?

Ukisoma magazeti ya wiki ile, mawakili walishinda kabisa. Nakubali kwa upande wa mikataba. Kilichofanya kazi ni mchanganyiko ambao haukupangwa na mtu mmoja: hukumu ya 2014 ilichelewesha mpango zaidi ya nusu mwaka, ucheleweshaji ukausukuma hadi baada ya uchaguzi na mikononi mwa waziri mwingine, na usahihishaji wa kutiliwa shaka ukazipa ofisi zilizokosa njia ya kisheria ambayo hapo awali hazikuwa nayo. Kama alama zingetolewa na watu wanaojua kituo cha polisi kinavyofanya kazi saa nane usiku, naamini mikataba 527 ingesainiwa na sura ya utetezi wa jinai England na Wales leo ingekuwa nyingine.

Upande wa fedha ni habari tofauti. Punguzo la kwanza, lile la tarehe 20 Machi 2014, halikuguswa na hukumu yoyote wala na taarifa ya Gove. Liliendelea kukatwa mwaka baada ya mwaka huku bei za kila kitu zikipanda. Vijana wakaacha kuingia. Mwaka 2018 Law Society ilitoa takwimu zilizoonyesha kwamba wastani wa umri wa mawakili wa zamu ni miaka 47, na kwamba katika sehemu kama Dorset, Somerset na Wales ya magharibi zaidi ya asilimia 60 walikuwa wamevuka miaka 50. Zabuni iliyotaka kuwapunguza ilikufa, lakini walipungua vilevile, mmoja mmoja, kwa kustaafu na kwa kuhamia kwenye ofisi ya mashtaka iliyolipa vizuri zaidi.

Desemba 2021 ilichapishwa ripoti ya jaji mstaafu Christopher Bellamy, iliyoagizwa na serikali yenyewe. Alipendekeza nyongeza ya angalau asilimia 15, sawa na pauni milioni 135 kwa mwaka, bila kuchelewa tena. Mabarista walipata asilimia 15 yao baada ya mgomo uliomalizika Oktoba 2022. Masolisita walitengewa karibu asilimia 11, ambayo kwa hesabu za Law Society ilikuwa 9 tu kwa kazi halisi. Law Society ikaenda mahakamani.

Tarehe 31 Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema waziri alikosea kisheria: aliamua kutolipa asilimia 15 bila kutafuta taarifa za kumwezesha kujua uamuzi huo ungezifanya nini ofisi hizi. Majaji waliandika kwa heshima kuhusu wanawake na wanaume wanaofanya kazi hii usiku na mchana katika mazingira magumu, wakitegemewa kwa moyo wao wa kujitolea na kwa wajibu wanaouhisi kwa umma. Tofauti na kesi ya Jaji Burnett karibu miaka kumi kabla, safari hii karatasi hazikufichwa, bali hazikutafutwa. Kosa lilikuwa la aina ile ile, la namna ya kufikia uamuzi, na dawa iliishia pale pale. Mahakama haikuagiza kiwango cha malipo. Ilimrudishia waziri kazi yake, na ilichukua hadi Desemba 2024, chini ya serikali nyingine, kwa waziri kutangaza kusudio la kuongeza hadi pauni milioni 92 kwa mwaka kwa masolisita wa jinai, na mashauriano mengine kabla ya nyongeza hiyo kuanza.